Gari la Kijani Linashuka

Jumatatu, 3 Juni

Muuguzi wa kliniki ameniambia niandike kila siku: sukari imesomaje, nimekula nini, najisikiaje. Nikamwambia mimi dereva, si karani. Akajibu bila hata kuniangalia, "Baba, hata mstari mmoja. Sitakusahihishia."

Haya. Sukari: juu. Chakula: maharage. Najisikiaje: kama mtu aliyeambiwa ajidunge sindano tumboni asubuhi, mchana na jioni mpaka mwisho wa uhai wake.

Msimu wa miwa umefunguliwa leo. Nimepewa lori lilelile la kijani la mwaka jana, na chumba kilekile kwenye kambi ya madereva: kitanda, stuli, msumari mmoja wa kutundikia shati. Tangu tuachane na mama watoto sijahitaji msumari wa pili. Dawa nimeifunga kwenye kitambaa kibichi ili isipate joto na kuificha nyuma ya kiti cha lori. Ofisini wana sheria yao, dereva anayetumia sindano anapaki gari. Na kuna mtu mmoja hapa ambaye sitaki ajue, kuliko hata hiyo ofisi.

Jumanne, 4 Juni

Mtu mwenyewe ni mdogo wangu, anaendesha lori jekundu. Hatuongei tangu tulipomzika mama.

Mama aliugua sukari miaka mingi. Alikaa kwa mdogo wangu, na mdogo wangu ndiye aliyemdunga asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa barabarani. Siku ya mazishi akaniambia mbele ya watu, "Wewe hata siku moja hukuwahi kuishika ile sindano." Ilikuwa kweli, ndiyo maana iliniuma. Sasa sindano ninayo yangu mwenyewe, na afadhali ardhi inimeze kuliko yeye anione nayo.

Lakini kwenye redio tunaongea, hatuna ujanja. Mashamba yako juu, kiwanda kiko chini, na katikati kuna mteremko wenye njia ya gari moja tu, mwamba upande huu, bonde upande ule. Kila lori lina redio koli, na anayetaka kuingia lazima atangaze. Leo nilipofika kileleni nikasema, "Gari la kijani linashuka, lina mzigo." Aliyekuwa chini ni yeye. Akajibu, "Nimekupata. Nasubiri."

Basi, hivyo tu. Nilipompita pale chini kila mmoja alitazama mbele yake kama ametumwa. Lakini maneno hayo niliyarudia kichwani njia nzima mpaka kwenye mizani ya kiwanda.

Ijumaa, 7 Juni

Joto. Kitambaa kinakauka kabla sijamaliza safari ya kwanza. Dawa ikiharibika nimekwisha.

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda mjini nikanunua kijokofu cha gari. Kidogo, kama boksi la viatu, kinachomekwa kwenye tundu la kiberiti pale kwenye dashibodi. Nikamwuliza muuzaji kama kina kelele, maana sitaki watu waanze kuuliza maswali. Akakiweka sikioni kwangu. "Unasikia kitu, mzee? Hiki ni bubu." Kweli ni bubu. Nimekiweka nyuma ya kiti na kukifunika blanketi kuukuu.

Jumatatu, 10 Juni

Redio imeanza kulia. Mlio mwembamba, mrefu, kama birika linapokaribia kuchemka. Nimeipiga dashibodi ngumi. Mkono unaniuma.

Jumatano, 12 Juni

Mlio haujaisha. Na kumbe ninapobonyeza kitufe kuzungumza, wenzangu nao wanaupata. Mama Mizani ndiye aliyeniambia. Huyu ni mama wa makamo anayepima malori kiwandani na kutupanga kwa redio kutwa nzima, sauti yake nzito na tulivu, hata akikugombeza unasikia kama amekupa kiti. Aliniinamia dirishani: "Baba, leo umekuja na jiko humo ndani?"

Kufika jioni nimeshabatizwa. Mzee Birika. Nilipoingia kantini mmoja akainuka na kikombe kitupu, akanipa heshima zote, "Mzee, nimiminie na mimi." Wakacheka mpaka kuvunjika mbavu. Nikawauliza, basi maneno yangu mnayapata au hamyapati? "Maneno gani? Tunasikia chai tu."

Nilicheka nao kidogo. Kisha nikachukua chakula changu nikaenda kulia chumbani, maana ilikuwa karibu na wakati wa sindano.

Ijumaa, 14 Juni

Nimelipeleka lori kwa fundi umeme. Tunamwita Sikio kwa sababu kabla hajashika chombo chochote anakisikiliza kwanza. Nilikitoa kijokofu mapema nikakipeleka chumbani na blanketi lake, nisingemwacha fundi apekue nyuma ya kiti.

Akawasha redio, kimya. Akawasha injini, kimya. Akakanyaga mafuta hadi lori zima likatetemeka, redio safi kama ya dukani. Akanitazama. "Mzee, gari lako ni zima."

Niliona haya kama mzazi aliyempeleka mtoto kwa daktari, mtoto akaanza kucheza.

Jumamosi, 15 Juni

Nimerudisha kila kitu mahali pake, nimetoka na mzigo wa kwanza, birika hilo. Huyu Sikio amefanya nini? Nahisi amelegeza kitu ili nirudi.

Jumatatu, 1 Julai

Sukari: afadhali. Redio: hovyo.

Ijumaa, 12 Julai

Mara ya pili kwa fundi. Kama kawaida nilitoa kijokofu kwanza. Kama kawaida redio ikatulia palepale. Safari hii Sikio hakunifukuza. Alivua shati, akaingia chini ya lori na brashi ya waya. Alisugua kutu pale antena inaposhika bodi. Akafunga waya mnene wa athi kutoka kebini mpaka chesisi, akaniambia umeme ukikosa njia ya kurudia nyumbani unazurura, na ukizurura unaingia kwenye redio. Akazivuta nyaya za redio akazipeleka moja kwa moja kwenye betri. Kazi ya siku nzima, na hakuna alipolipua.

Mwishoni akaketi kwenye tairi na kuniuliza kitu kimoja kimoja.

"Kelele ikija, unazima feni?"

"Nazima."

"Waipa?"

"Nazima."

"Taa za juu?"

"Zote."

"Kuna kitu kingine umechomeka mle ndani? Chaji, redio ya muziki, chochote?"

"Hakuna."

Nilimjibu haraka mno. Akanitazama kidogo, akaokota shati lake.

Jumamosi, 13 Julai

Birika.

Alhamisi, 1 Agosti

Kwenye redio kuna kitufe cha kukata mvumo. Ukikizungusha, mvumo unakatika, ila na watu wanakatika nao. Mwezi mzima nimekuwa nikikigeuza huku na huku. Nikikifungua, nasikia birika na nyuma yake vipande vya watu, "...subiri... jekundu... mizani..." Nikikifunga, nakuwa peke yangu kabisa.

Leo nimekifunga.

Jumapili, 11 Agosti

Mapumziko. Nimefua. Nimeshona kifungo. Madereva wamekwenda mjini kutazama mpira, wamepita mlangoni kwangu wakicheka, na hakuna aliyegonga. Mwaka jana waligonga. Siwalaumu, mwezi wote sijala nao, nikisikia hodi naficha kwanza kisanduku cha sindano, na nikimaliza kuficha mtu ameshaondoka. Wanadhani najisikia.

Mdogo wangu hakuwa kati yao. Nilimwona kwa dirisha amekaa juu ya boneti ya lori lake, peke yake, anakula chungwa. Analimenya kama mama, ganda moja refu bila kulikata. Nilisimama pale dirishani mpaka alipomaliza.

Jumatano, 21 Agosti

Sikio amebadilisha alteneta nzima, ile inayochaji betri. Alitoa nyingine kwenye lori bovu lililo nyuma ya gereji, akatoa jasho la haki. Nilikuwa nimekitoa kijokofu. Pale gereji redio iliimba vizuri.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimekata tamaa na Sikio. Nimekata tamaa na hili lori. Sasa kileleni natangaza kwa ajili ya sheria tu, kisha napiga honi ndefu, natazama chini kwenye kona kama kuna vumbi, naingia.

Jumanne, 10 Septemba

Jua kali. Mashamba yanachomwa kabla ya kukatwa na majivu yanaingia kila mahali, hadi kwenye mashuka. Jua likizidi na birika linazidi. Asubuhi na baridi huwa linapumzika dakika chache, nikijaribu nasikia mtu anasema neno, halafu linarudi. Leo alfajiri nilimsikia mdogo wangu. "...na mzigo." Hivyo tu, alikuwa akimwambia mtu mwingine.

Ijumaa, 20 Septemba

Mama Mizani amenifuata mpaka kwenye lori. Hakuja na utani. Alipanda ngazi ya kebini, akashika mlango, akasema kwa sauti ya chini:

"Baba, mimi si wa kuingilia mambo ya familia za watu. Lakini hili nimelimeza siku tatu limenikwama."

"Lipi, mama?"

"Juzi Jumanne asubuhi. Mdogo wako alikuamkia."

Sikuelewa. Akaendelea. "Kwenye redio. Birika lako likalia, tukajua unashuka. Yeye akasema, nimekupata, nasubiri. Halafu akasema, shikamoo kaka. Redio nzima ikatulia. Kila mtu anajua nyinyi mkoje. Tukasubiri umwitikie. Ukapiga kimya. Akarudia, shikamoo kaka. Kimya. Ukapita pale kwenye lori lake unatazama mbele kama hayupo."

Nikaitazama redio.

"Hata kama mna ugomvi, baba," alisema, "shikamoo inaitikiwa."

Akashuka, akaenda zake.

Sikusikia. Ningempigia magoti nimwambie sikusikia! Lakini nani ataamini, baada ya siku zote hizi? Na yeye je? Mwanamume mzima anameza kiburi chake mbele ya madereva wote, anatanguliza heshima, anaachwa hewani mara mbili. Mimi ningekuwa yeye nisingerudia tena.

Nilikwenda mpaka kilipo chumba chake. Taa inawaka. Nilisimama nje nikiwa na neno moja tu la kusema, marahaba. Nikafikiria itabidi nieleze redio, na nikieleza redio atataka kuja kuitazama, kwa sababu ndivyo alivyo, akisikia kitu kimeharibika lazima akishike. Na akiingia kwenye kebini atalitoa lile blanketi. Nikarudi kwangu.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimekifungua chote kile kitufe cha mvumo. Nimesafiri kutwa na birika likinipasua kichwa, nikingoja aniamkie tena. Hakuniamkia, au aliniamkia na sikusikia. Sitajua.

Jumanne, 1 Oktoba

Mawingu. Wazee wa kukata miwa wanasema mvua inakuja mapema mwaka huu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Mteremko unateleza. Sukari sijapima.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandikia kitandani kliniki. Muuguzi yuleyule amenipa kalamu yake. Amesema leo si mstari mmoja, leo andika yote.

Juzi mvua ilianza kabla ya adhuhuri. Nilijidunga nikiwa bado shambani, nikijua dakika chache tu nitakuwa kantini ya kiwanda. Muuguzi alinikataza hilo kwa kidole: ukidunga, kula palepale, la sivyo sukari itaanguka, nayo ikianguka haikungoji. Lakini mkate nilikuwa nimeumaliza asubuhi, na kujidunga mbele ya watu kantini nisingeweza.

Nilipofika kileleni nikakuta malori mawili yamepaki pembeni. Nikadhani wanangoja mvua ipungue. Nikatangaza, nikapata birika, nikapiga honi, nikaingia. Dereva mmoja alitoa mkono dirishani akanipungia kwa nguvu zote. Na mimi nikampungia.

Kumbe Mama Mizani alikuwa ametangaza kwa muda mrefu kwamba udongo umeporomoka kona ya mwisho, asishuke mtu, asipande mtu. Malori yote yalikuwa yamesimama, ya juu juu na ya chini chini. Aliyekuwa hajui ni mimi peke yangu.

Nilipoipata ile kona niliona rundo la udongo mwekundu limeziba njia. Nikakanyaga breki, lori likateleza taratibu kama lina muda wake, likazama na magurudumu ya mbele mpaka ekseli. Upande wangu wa kushoto mwamba, wa kulia hakuna kitu. Simu haikamati pale. Nikakaa.

Sijui zilipita saa ngapi. Kwanza nilianza kutoka jasho la baridi. Halafu mikono ikatetemeka, nikaona usukani kama uko mbali. Hapo nikajua ni sukari, inashuka. Nilipekua dashibodi kutafuta peremende, nikapata karatasi yake. Nyuma yangu nilikuwa na shehena nzima ya miwa, na nawaapia, haikunijia hata kidogo. Kichwa hakikuwa changu tena.

Nikashika redio. "Gari la kijani limekwama, kona ya mwisho." Birika. Nikarudia. Birika. Basi nikakumbuka walivyoniambia kwamba wanasikia chai tu, na nikaona hakuna tena wa kumwonea haya. Nikabonyeza kitufe, nikazungumza na mdogo wangu.

Nilisema, "Marahaba. Uliniamkia mwezi uliopita, sikusikia. Redio yangu mbovu. Marahaba, mdogo wangu." Nilisema, "Nina ugonjwa wa mama. Najidunga mwenyewe, na kila nikijidunga nakuona wewe ukimshika mama mkono ili asiogope. Sikutaka ujue." Nilisema nimechoka kukaa peke yangu mle ndani, na kama angenitukana tu ningefurahi, mradi nimsikie. Mengine siyakumbuki. Nadhani nililia.

Halafu mlango ukafunguliwa na mvua ikaingia yote. Alikuwa na matope mpaka kifuani, hana viatu, na mkononi ameshika pingili ya muwa aliyochomoa kwenye mzigo wangu na kuimenya kwa meno.

"Fungua mdomo, kaka."

Nikafungua.

"Tafuna. Meza maji, tema makapi. Usilale. Nitazame. Tafuna."

Nikatafuna kama mtoto. Akamenya nyingine, akanipa. Ile mikono yake nilikuwa sijaiona kwa karibu miaka yote hiyo, ina makovu ya betri kama yangu. Taratibu usukani ukarudi mahali pake.

Alipoona macho yangu yametulia, akaanza kucheka huku anatetemeka kwa baridi. "Kaka, wewe peke yako duniani ndiye unayeweza kufa kwa kukosa sukari ndani ya lori la miwa."

Nikamwuliza, "Umejuaje?"

"Si umesema mwenyewe."

"Wanasema nikibonyeza mnasikia birika tu."

"Wao wanasikia birika." Akafuta uso kwa kiganja, matope yakaongezeka. "Mimi nilizima injini nikaweka sikio. Nimelala kitanda kimoja na hiyo sauti mpaka nimeota ndevu, nitaikosaje?"

Alikuwa chini kabisa, kwenye foleni ya kupanda. Aliacha lori lake mlango wazi, akapanda juu ya lile rundo la udongo kwa mikono na magoti, huku wenzake wakimpigia kelele arudi.

Akaona natetemeka, akanyoosha mkono nyuma ya kiti avute blanketi anifunike. Sikuwahi kumzuia. Blanketi likaja, likaburuta waya, na plagi ikachomoka kwenye dashibodi. Mlio ukakatika palepale, na kebini nzima ikajaa sauti ya Mama Mizani.

"...jekundu, gari jekundu, umemfikia? Jibu, mwanangu. Umemfikia mzee?"

Kisha mwingine kutoka juu: "Sisi tuna kamba huku, tunashuka kwa miguu." Na mwingine: "Mwambieni Mzee Birika asizime taa, tumwone." Na mwingine, na mwingine. Walikuwa wanaongea muda wote huo, miezi yote hiyo, na nilikuwa nimekaa katikati yao.

Mdogo wangu alikitazama kijokofu. Akakifungua, akaona dawa zimepangwa, akakifunga taratibu. Akachukua redio mkononi mwangu. "Nimemfikia," alisema. "Anatafuna."

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimetoka kliniki. Mdogo wangu alinisubiri getini. Hatukuongea sana, bado hatujazoea. Tulipokaribia kambini akasema, "Ofisini utakwenda kusema mwenyewe, au niseme mimi? Maana nikikuona unaushika ule usukani, nitasema."

Nilikasirika. Halafu nikafikiria lori lililojaa likiteleza kwenye mteremko, na mimi ndani sijitambui, na yeye chini anapanda. Nikaenda kusema mwenyewe.

Wamenipaka matope kidogo, kisha wamenipaki. Sitaendesha tena msimu huu, na daktari anasema asinidanganye kuhusu ujao. Miaka yangu yote kwenye magari imeishia kwenye kiti cha ofisi yenye feni mbovu, nikikabidhi ufunguo. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumanne, 22 Oktoba

Nilikuwa na deni la kumwonyesha Sikio. Nikakibeba kijokofu mchana kweupe, nikakichomeka mbele yake kwenye lori la kijani. Birika. Nikachomoa, kimya. Akachomeka mwenyewe. Birika. Akachomoa. Alifanya hivyo kama mara kumi, kila mara akitazama redio na kunitazama mimi.

"Alteneta nzima," alisema.

"Nisamehe, fundi."

"Nimelala chini ya hili lori. Nimebadilisha *alteneta nzima*, mzee."

Akaweka sikio juu ya kijokofu, akasikiliza. Baadaye nilimsikia anacheka peke yake kule nyuma ya gereji.

Alhamisi, 24 Oktoba

Baada ya ule udongo, ofisi imeamua kileleni akae mtu wa kuruhusu magari, asiingie mtu mpaka aambiwe. Mama Mizani amewaambia wanaye tayari. Kwa hiyo nina kibanda cha mabati, benchi, betri na redio. Kutwa nasema, panda, shuka, ngoja.

Shemeji, mke wa mdogo wangu, ametuma mzigo kwa lori jekundu. Ni chungu cha mama. Kidogo, kinaingia ndani ya kingine, na katikati unajaza mchanga unaoulowesha maji. Mama aliwekea dawa zake humo miaka yote na haikuharibika hata moja. Nilikuwa sijui. Mdogo wangu alinionyesha kiasi cha maji, akachimba kijishimo kwenye kivuli nyuma ya kibanda, akakiweka. Hakilii wala hakichomekwi.

Jumapili, 27 Oktoba

Waligonga mlango wakaingia hata sijaitikia hodi. Tumekwenda nao mjini kutazama mpira. Timu yetu imefungwa vibaya. Nilijidunga palepale kwenye kona, na mmoja alinong'ona, "Inauma?" Nikasema inauma kidogo.

Ijumaa, 1 Novemba

Hapa kileleni upweke upo. Lori likishapita inabaki sauti ya mvua kwenye bati, na mimi natazama mikono yangu, haijui ikae wapi bila usukani. Mchana ukifika redio inaita. "Kaka, umedunga?" Nimedunga. "Umekula?" Nakula. Anauliza mbele ya wote, hana siri huyu. Siku hizi hata wasionijua wananiuliza. Dereva mgeni aliomba njia leo, nikampa, akasema, "Asante mzee. Umekula?"

Jumamosi, 9 Novemba

Mwisho wa msimu.

Lori la mwisho lilikuwa jekundu. Lilisimama mbele ya kibanda kabla ya kuingia, ingawa lilikuwa tayari na ruhusa. Mdogo wangu akateremsha kioo. Shingo yake imelegea, ana usingizi wa miezi mitano. Nikamwambia shuka, nitafunga hapa, nitakuja kwa miguu, nataka kuutazama mteremko mara ya mwisho. Alitaka kubisha, akaacha.

Nikasikiliza injini yake mpaka ikapotea kona ya chini. Nikafagia kibanda. Nikakitoa chungu shimoni, nikakikumbatia, ni kizito kikiwa kibichi. Nilipaswa kuzima redio na kuifunga kwenye boksi. Njia nzima ilikuwa tupu, hakukuwa na gari hata moja juu wala chini, hakuna sheria iliyonilazimisha.

Nikabonyeza. "Mtu mmoja anashuka," nilisema. "Kwa miguu. Ana chungu."

Redio ilikuwa safi, nikasikia mpaka anavyovuta pumzi kabla ya kujibu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimekupata. Nasubiri."